Minyororo, Mbao na Jembe: Kushika Njia ya Luberizi Wakati wa Tope



 Mvua imerudi, na pamoja nayo limerudi swali ambalo kila mama mwenye mzigo hujiuliza kabla ya kupanda gari: leo tutafika, au tutalala njiani?

Juma hili tunaizungumzia barabara yetu, na hasa jambo moja ambalo tumezoea kuwaachia wanaume: vitu vinavyolisaidia gurudumu kushika njia wakati tope limekuja ghafula. Minyororo, mbao, mawe, matawi, kamba. Kipi kinafaa wapi? Kipi kinaharibu? Kipi kikundi cha wamama kinaweza kununua kwa pesa ya likelemba? Tumeuliza madereva, tumeuliza vijana wa pikipiki, tumewauliza pia ndugu zetu walio katika nchi za theluji, maana nao wanahangaika na jambo hilihili kwa jina lingine.

Mahali tunapokaa

Luberizi yetu iko katika bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, kando ya Barabara ya Taifa namba 5. Ukielekea kaskazini unapita Bwegera na Luvungi, unafika Kamanyola, kisha unaanza kupanda kwenda Bukavu. Ukielekea kusini unakutana na Sange, unapita Kiliba, unaingia Uvira. Upande wa mashariki uko mto Ruzizi. Upande wa magharibi iko milima, na nyuma yake nyanda za juu za Itombwe zenye vilele vinavyozidi meta 3,000.

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu, lililo karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na unaingia katika ziwa Tanganyika, lililo karibu meta 770. Kwa hiyo katika mwendo wa kilometa zaidi kidogo ya mia moja maji yanashuka karibu meta 700. Mama anayepeleka mchele Bukavu anaupanda ukuta huo, na anayerudi na bidhaa za mjini anaushuka. Sisi tuko chini, penye tambarare, joto na mashamba ya mpunga.

Jambo la pili ni kwamba mvua inayotufunga njia mara nyingi hainyeshi kwetu. Tunaweza kuwa tumeanika mpunga kwenye turubai, jua linawaka, kumbe kule juu milimani kumefunga giza tangu asubuhi. Baada ya saa chache vijito vinashuka vikiwa vimebadilika rangi, na barabara iliyokuwa vumbi inageuka uji. Ndiyo maana tunasema tope la ghafula. Mvua kwetu ni ya Septemba mpaka Mei, na kiangazi cha kweli ni Juni, Julai na Agosti. Katika miezi tisa hiyo hakuna anayeweza kusema, "Leo sitahitaji kitu, mbingu ni nyeupe."

Tope haliko la namna moja

Wengi husema "tope" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye safari ya Luberizi mpaka Bukavu gurudumu linakutana na matope matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni tope zito jeusi la huku kwetu bondeni. Udongo huu kwenye jua hupasuka nyufa, na kwenye mvua hunata kama ugali usioiva. Malori yakipita juu yake mara nyingi yanachimba mifereji miwili mirefu, maji yanakaa humo, na chini hakuna sakafu ngumu. Gari dogo likiingia, tumbo lake linakaa juu ya udongo na magurudumu yanazunguka bure hewani.

La pili ni tope jembamba la mlimani, kuanzia mpando wa Ngomo juu ya Kamanyola mpaka pande za Nyangezi. Pale chini ni pagumu, lakini juu kuna ngozi nyembamba ya udongo uliolowa, yenye utelezi kama sabuni. Gari halizami; linateleza. Na Ngomo, kama mnavyojua, kuteleza ni jambo la kutisha, kwa sababu upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni korongo.

La tatu ni mchanga na matope mepesi ya kando ya mito, pale maji yalipopita na kuacha kifusi. Mahali hapo gurudumu linajichimbia shimo lenyewe, na kila dereva anapokanyaga mafuta, shimo linaongezeka.

Dereva anayejua matope haya matatu hashuki na kifaa cha kwanza anachokiona. Kwanza anaingiza fimbo ardhini. Fimbo ikigonga kitu kigumu karibu, atachukua minyororo. Fimbo ikiendelea kuzama, atachukua mbao.

Minyororo

Minyororo ya tairi ni chuma kinachozungushwa juu ya gurudumu, kikafungwa ndani na nje. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Tairi hushika njia kwa meno yake. Meno yakijaa udongo, tairi jipya linakuwa sawa na tairi lililokwisha. Mnyororo unaongeza meno mengine ya chuma, unakata ile ngozi yenye utelezi na kufikia pagumu chini. Kwa hiyo mnyororo ni dawa ya Ngomo. Kwenye tope jeusi lisilo na sakafu, mnyororo unaweza kuwa kama jembe: unachimba, na gari linazidi kushuka.

Wamama wasiojua kuendesha wanaweza kuuliza mambo manne, na dereva mwema hatakasirika.

Kwanza, je, minyororo ni ya kipimo cha tairi hili? Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba. Mnyororo mkubwa kupita kiasi unalegea, unapiga chuma cha gari, na unaweza kukata mpira wa breki ulio nyuma ya gurudumu. Gari lisilo na breki Ngomo, hatuhitaji kueleza.

Pili, je, itafungwa kwenye magurudumu yanayosukuma gari? Gari nyingi za mizigo kama Fuso, na minibasi nyingi, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Gari ndogo nyingi za mjini zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kufunga minyororo kwenye magurudumu yasiyo na nguvu ya injini ni kuivalisha nguo maiti.

Tatu, je, itafungwa wapi? Mahali pazuri ni penye ukavu, tambarare, kabla ya tope. Kufunga mnyororo ukiwa umezama mpaka nusu ya gurudumu ni kazi ya saa nzima, na mara nyingi haiwezekani.

Nne, je, itaondolewa lini? Juu ya lami au changarawe kavu mnyororo unakula tairi na tairi linakula mnyororo. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo, kipande kinaruka kama jiwe la manati. Kwa hiyo wenye minyororo huenda polepole, na wanapofika penye ugumu wanasimama na kuivua.

Katika safari moja ya Bukavu na magunia yetu ya mchele, tulikuta upande wa Nyangezi msururu wa magari umesimama. Lori moja lililokuwa limevaa minyororo tangu chini lilipita taratibu, hata halikupiga honi. Nyuma yake minibasi ilibaki inateleza. Dereva wake alikuwa na minyororo mizuri kabisa, lakini iko chini ya sanduku la nyuma, na juu yake magunia kumi na mawili, mitungi na mbuzi mmoja. Abiria wote walishuka kwenye mvua, wakapakua kila kitu kwenye matope, kusudi wafikie kitu ambacho kingepaswa kukaa miguuni mwa dereva. Unga wa mama mmoja ulilowa pale. Mnyororo ulio chini ya mzigo ni sawa na mnyororo uliobaki nyumbani.

Mbao na mabamba

Kwa tope jeusi la bonde, mbao mbili ngumu zinapita minyororo. Ziwe na urefu wa hatua moja na nusu, upana unaozidi wa tairi, na unene wa kutosha zisivunjike. Wengine wanabeba mabamba ya chuma yenye matundu; nayo ni mazuri, ila ni mazito na yanaibiwa haraka.

Kazi yake ni kumpa gurudumu sakafu. Lakini kwanza mtu achimbe. Udongo ulio mbele ya gurudumu uondolewe kwa jembe au beleshi, ubao uingizwe ukiwa na mwinamo, ncha yake iguse tairi. Kisha dereva aondoke na gia ndogo, bila kelele ya mafuta. Anayekanyaga kwa hasira anaurusha ubao nyuma, na ubao unaorushwa na gurudumu unavunja mguu. Kwa hiyo tunasema kwa nguvu: mtu yeyote asisimame nyuma wala mbele ya gurudumu lenye ubao. Watoto wawe mbali, upande wa juu wa barabara. Tumezoea kuona vijana wanasukuma gari huku wamesimama penye hatari hiyohiyo. Mama yeyote aliye karibu ana haki ya kupaza sauti.

Matawi, mawe na magunia

Pasipo na mbao, watu wanatumia kilicho karibu. Matete ya mtoni na matawi ya mikaratusi yanafaa, yakipangwa kwa kukingama, si kwa kufuata urefu wa barabara. Majani ya mpunga yanasaidia kidogo kwenye utelezi mwembamba, lakini yakiwa peke yake kwenye tope zito yanageuka kuwa tope.

Mawe pia yanachaguliwa. Jiwe la mviringo kutoka mtoni linabingirika chini ya tairi. Jiwe lililovunjwa, lenye pembe, linakaa. Gunia tupu la nailoni linateleza na kujizungusha kwenye gurudumu. Gunia hilohilo likijazwa changarawe nusu na kufungwa, linakuwa daraja dogo.

Na hapa tuna neno kwa wenye magari. Mara nyingi gari likikwama karibu na shamba, wasaidizi wanaingia na panga na kukata kilicho mbele yao. Miti ya muhogo si takataka. Ndiyo mbegu ya mwaka kesho. Mama anayeamka na kukuta safu tatu za muhogo wake zimelala chini ya matairi amepoteza chakula cha watoto kwa ajili ya safari isiyo yake. Gari lenye mbao zake haliibi shamba la mtu. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kila gari kuwa na mbao.

Neno lingine: gari likishatoka, mawe yatolewe barabarani. Jiwe lililoachwa pale linamngojea kijana wa pikipiki usiku, akiwa amebeba mgonjwa.

Kamba, hewa na pikipiki

Kamba iliyozungushwa kwenye tairi inaweza kuvusha gari dogo meta chache kwenye utelezi. Ni msaada wa dharura tu, inakatika upesi, na ikijisokota ndani inaweza kushika mpira wa breki. Kamba ya kuvuta ni jambo lingine, na kila gari liwe nayo. Lori linapovuta gari, watu wote wakae mbali kupita urefu wa kamba yenyewe, kwa sababu kamba au mnyororo ukikatika unarudi kwa nguvu ya kuua.

Kupunguza hewa kidogo kwenye matairi kunalifanya tairi litandike na kushika mchanga. Madereva wa kando ya mito wanajua. Lakini asiye na pampu asijaribu. Kuupanda Ngomo na mzigo huku matairi yamelegea ni kutafuta ajali nyingine.

Kuhusu pikipiki, ambazo ndizo zinazobeba wengi wetu, udongo unajaa kati ya gurudumu na kifuniko chake mpaka gurudumu linagoma. Kijana abebe kijiti cha kukwangua, na abiria ashuke penye utelezi atembee. Mama mjamzito asiogope kusema, "Mwana wangu, simama, nishuke." Meta hamsini za kutembea taratibu ni heri kuliko anguko moja.

Ndugu zetu na theluji

Wengi wetu tuna ndugu waliokimbilia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, na baadaye wakapelekwa Marekani. Wengine wako Kanada, Ubelgiji au Ufaransa. Sisi theluji tunaisikia tu, ingawa nchi yetu inayo: iko juu ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye meta 5,109, mpakani na Uganda. Lakini huko walipo ndugu zetu theluji inashuka mpaka mlangoni, na siku nyingine inafika bila watu kuwa tayari.

Wanatuambia kwamba theluji iliyoshindiliwa na magari ni sawa na Ngomo baada ya mvua: chini ngumu, juu utelezi. Dawa yake pia ni ileile. Huko Ufaransa, tangu 1 Novemba 2021, kuna sheria kwa sehemu za milimani: kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi gari liwe na matairi ya baridi, au libebe minyororo au soksi za tairi kwa angalau magurudumu mawili yanayosukuma. Soksi hizo ni za kitambaa kigumu, nyepesi, na mama anaweza kuzivalisha peke yake kwa dakika chache. Lakini msituagizie: zimetengenezwa kwa theluji, na changarawe yetu ingezichana siku ya kwanza.

Angalieni sheria yenyewe inavyosema. Haimwambii mtu anunue minyororo siku theluji inapoanguka. Inamwambia awe nayo garini miezi yote mitano, hata jua likiwaka. Hilo ndilo tunalopenda kulichukua kutoka kwao.

Na kuna siku ambapo hakuna kifaa kinachotosha. Tarehe 23 Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliupiga mji wa Buffalo, Marekani, mji ambao una wakimbizi wengi kutoka Afrika. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wakiwa ndani ya magari yaliyokwama. Hata magari ya kubeba wagonjwa na ya zimamoto yalikwama. Nchi tajiri, barabara za lami, na bado kulikuwa na saa ambapo neno la busara lilikuwa moja tu: usitoke.

Ndugu zetu walitufundisha na jambo hili: gari likikwama na injini ikiendelea kuwaka, angalia bomba la moshi. Likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani, hauna harufu ya kumwamsha mtu, na unaua waliolala. Tope nalo linaweza kuziba bomba. Basi msiwalaze watoto ndani ya gari lililozama huku injini inanguruma.

Siku ambayo hakuna mnyororo

Kwetu pia ziko siku hizo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliangusha maji juu ya Uvira. Mto Mulongwe ulipasua kingo zake, watu wengi wakafa na maelfu wakapoteza nyumba. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, maji na udongo viliwafunika watu wa Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya 400. Tunawataja kwa heshima.

Kwa hiyo, maji yakiwa yanakimbia juu ya barabara, tusiulize habari za minyororo. Maji yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakizidi kidogo yanalibeba gari. Tungoje. Na bariera ya mvua ikifungwa, tusiwasukume madereva waizunguke kwa sababu nyanya zitaoza. Lori linalopita kwenye udongo uliolowa linaharibu njia ya wote kwa majuma.

Ngomo ina kanuni yake. Mnyororo hauponyi breki mbovu. Kwenye utelezi abiria wote washuke watembee, mtu mmoja mwenye nguvu atembee ubavuni, si nyuma, akiwa na kigingi cha mti cha kuzuia gurudumu. Anayeona aibu kushuka akumbuke kwamba gari tupu linashika breki haraka kuliko gari lililojaa.

Na lori likipinduka, hasa la mafuta, tukimbie mbali. Hatuwezi kuandika juu ya barabara hii bila kukumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka katikati ya watu, mafuta yakamwagika, wengi wakakaribia, wengine wakiwa na ndoo na madumu. Moto ulipowaka, watu zaidi ya 230 walikufa, na watoto walikuwa wengi. Mama yeyote wa hapa anajua nyumba iliyoguswa. Wafundisheni watoto wenu sheria hiyo kabla hawajajifunza kusoma.

Kwa nini ni habari ya wamama

Mtu atauliza: je, hii si kazi ya madereva? Tunajibu kwamba mzigo ni wetu, na wagonjwa ni wetu.

Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, alianza kazi katika hospitali ya Lemera, hapo juu ya milima yetu. Aliona wanawake wakifika wakiwa wamechelewa, uchungu umewashika siku nyingi njiani, na hilo ndilo lililomfanya achague kuwa daktari wa wazazi. Miaka imepita, lakini mpando wa Lemera bado ni udongo. Mama akishikwa na uchungu usiku wa mvua, kati yake na mikono ya mkunga kuna tope. Wakati mwingine gari linakwama na kipoyi kinafika kwanza, mabega manne ya wanaume yakifanya kazi ya injini. Tunawashukuru hao. Lakini mbao mbili na jembe vingekuwa ndani ya gari, mara nyingi kipoyi kisingehitajika.

Kwa wajawazito, shauri letu ni la zamani: hesabuni siku zenu. Ikiwa ni majira ya mvua na nyumba yako iko mbali, sogea karibu na kituo cha afya majuma mawili au matatu mapema, ukae kwa dada au kwa shangazi. Hicho ndicho kifaa bora kupita vyote, na hakiuzwi dukani.

Sanduku la tope

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na sanduku moja la tope, litunzwe kwa mama anayekaa karibu na barabara, naye awe na daftari la kuandika aliyelichukua na siku alilolirudisha. Ndani yake viwemo:

mbao mbili ngumu;
jembe moja na beleshi moja;
panga, kwa matete na si kwa muhogo wa watu;
kamba nene ya kuvuta;
magunia manne matupu ya kujaza changarawe;
vigingi viwili vya mti vya kuzuia magurudumu;
tochi na betri zake.

Minyororo hatukuiweka, na si kwa kusahau. Ni ghali, na kila moja inaingia kwenye matairi ya vipimo vichache tu. Mnyororo ununuliwe na mwenye gari. Sanduku la kikundi lisaidie kila gari, pikipiki na hata mkokoteni. Karibu vyote tulivyotaja fundi wa mbao na mhunzi wa hapa wanaweza kuvitengeneza, na pesa ikabaki Luberizi.

Upande wa madereva, tuwe na desturi moja. Kabla ya kupakia magunia, anayeongoza wamama aulize kwa heshima: "Papa dereva, minyororo iko? Mbao ziko? Ziko mahali gani?" Jibu likiwa "ziko chini," tuombe zitolewe kabla ya gunia la kwanza kupanda. Likiwa "haziko," tutafute gari lingine. Dereva mmoja akikosa mzigo mara mbili kwa sababu hiyo, mara ya tatu atakuja na mbao.

Mwisho, kifaa chochote ni msaada wa nyuma. Msaada wa mbele ni mfereji. Pale maji yanapopewa njia yake kando, barabara inakauka kwa saa chache. Pale mfereji umezibwa na majani na taka zetu, maji yanalala katikati na malori yanamalizia. Salongo ya siku ya posho ijayo tunaomba kila nyumba iliyo kando ya barabara isafishe mfereji wa mbele yake, na vikundi visafishe penye kona na penye karavati. Njooni na majembe.

Na kwenye kikao cha juma lijalo, kila kikundi kilete majibu mawili: sanduku litakaa kwa mama gani, na bei ya mbao, kamba na beleshi mliyoipata sokoni. Tutaandika bei hizo hapa, kusudi yeyote asiuziwe mara mbili.

Safari njema, na mungoje pale inapofaa kungoja.